Kupanda Bugando kwa Baiskeli

Nchi ya Buzwagi ni tambarare. Mtu asimamaye kando ya barabara itokayo Isaka kwenda Kahama, akazungusha macho pande zote, aghalabu haoni mwinuko wa kutia maanani isipokuwa vilima vya kifusi vilivyorundikwa na mitambo ya mgodi, ambao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na kukoma mwaka 2021, ukaacha nyuma yake shimo lenye kina kikubwa, marundo ya mawe yasiyo na thamani, kiwanja cha ndege, na ardhi pana ambayo sasa imetengwa kuwa eneo maalumu la uchumi. Zaidi ya vilima hivyo vya kutengenezwa ni majaruba ya mpunga, mashamba ya mahindi, udongo mweusi wa mbuga unaonata masika na kupasuka kiangazi, vichuguu, miti ya miiba, na njia nyembamba ziendazo kutoka kaya hata kaya kwa unyofu usiomlazimu mgeni kuuliza. Aliyezaliwa hapa hujifunza kuendesha baiskeli kabla miguu yake haijatosha kufika chini kutoka kwenye kiti, kwa kupitisha mguu mmoja ndani ya fremu na kukanyaga pedali akiwa amejipinda, na siku atakapoketi kitini kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kuwa mjuzi.

Baiskeli ilipata makao katika nchi hii tangu zamani. Wakulima wa pamba wa Usukuma walipounganisha vyama vyao vya ushirika mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, walipata njia ya kuuza mazao yao bila ya kumtegemea mchuuzi na mizani yake, na katika vitu walivyovinunua kwa fedha ya pamba, baiskeli ilikuwa na daraja kubwa, sambamba na ng'ombe na mabati. Baadaye ilikuja Swala, iliyoundwa Dar es Salaam, na Phoenix kutoka China, ambayo mpaka leo hubeba magunia ya mkaa, madumu ya maji, kreti za soda, mbuzi aliyefungwa miguu, na mgonjwa aliyeshikiliwa na nduguye ili asianguke. Katika miji ya Shinyanga na Kahama kijana mwenye baiskeli iliyotiwa mto juu ya keria aliitwa mwendesha daladala, na kwa miaka mingi, kabla bodaboda na bajaji hazijalishika soko, ndiye aliyewafikisha watu sokoni, stendi na zahanati kwa nauli ambayo hata mwuza karanga aliimudu.

Hata hivyo, usalama haukupatikana bure hata katika tambarare. Barabara ile ya Isaka ni mapito ya malori yachukuayo shehena kutoka bandari kavu ya Isaka kwenda mipakani, na kutoka huko kwenda Rwanda na Burundi. Hupita usiku na mchana, mengine yakikokota matela, na upepo wa lori moja likipishana na baiskeli watosha kumyumbisha mtu mzima. Basi mwendesha baiskeli wa Buzwagi hupita wapi? Hapiti juu ya lami ila pale asipokuwa na budi. Hatua chache kutoka ukingo wa lami iko njia ya pili, ambayo hakuna mhandisi aliyeichora wala bajeti iliyoitaja, nyembamba kiasi cha kupishana baiskeli mbili kwa staha, iliyokanyagwa na nyayo na magurudumu hata ikashikamana, ikiuzunguka mti mahali penye mti, ikitoweka penye kalavati, na kuzuka tena ng'ambo ya mtaro. Njia hiyo ni elimu ya watu iliyoandikwa ardhini: kila pindo lake lina sababu, na sababu hiyo aghalabu ni ajali iliyowahi kutokea au iliyonusurika kutokea. Nimeitaja kwa kuwa nia yangu ni kuifuata elimu hiyo mpaka mahali isipopazoea, yaani mjini, na tena mlimani.

Maana watu wa Buzwagi, na wa Kahama, na wa Bulyanhulu, na wa Geita, wanacho kilima kimoja wasichoweza kukikwepa, nacho ni Bugando. Hospitali iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima hicho katika mji wa Mwanza ilifunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka 1972, na tangu mapatano ya mwaka 1985 imekuwa ikiendeshwa na maaskofu kwa ushirikiano na serikali. Ina vitanda zaidi ya 900, na ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yote. Mgonjwa aliyeshindikana wilayani na mkoani hupewa barua, na barua hiyo humpeleka Bugando. Kwa mtu wa Kahama safari ni ya basi kupitia Shinyanga. Kwa mtu wa Geita ilikuwa, mpaka hivi karibuni, ni ya kungoja kivuko baina ya Busisi na Kigongo huku mgonjwa akihema ndani ya gari, mpaka daraja lenye urefu wa kilomita 3 lililopewa jina la John Pombe Magufuli lilipozinduliwa Juni 2025 na kuifuta adha hiyo. Maji ya ziwa yameshindwa. Kilichobaki ni kilima, na kilima hakijatafutiwa dawa, kwa sababu mwenye gari hakihisi.

Asiye na gari hukihisi kwa mapafu yake. Mgonjwa alazwapo, nduguye hawezi kurudi kijijini. Hutafuta chumba kwa jamaa, pengine Igogo, pengine Mabatini, pengine mbali zaidi, Nyakato au Mkuyuni, na kila asubuhi na kila jioni hupanda kwenda kumpelekea mgonjwa uji, chai, maji ya kuoga na nguo safi. Bodaboda ya kwenda na kurudi, mara mbili kwa siku, kwa muda wa majuma, humaliza fedha iliyopaswa kununua dawa. Ndipo mtu hukumbuka kwamba nyumbani ana baiskeli, akaagiza ipakiwe juu ya basi, au akaazima ya mwenyeji wake. Nami niliijua njia ya Bugando kwa sababu hiyo hiyo ya kuuguza. Sikuwa peke yangu. Kwenye lango la hospitali niliwaona watu wa kwetu wengi, niliowatambua kwa namna walivyozifunga ndoo zao kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, na wote walikuwa wakitweta, na wengi walikuwa wakizikokota baiskeli kwa mkono badala ya kuziendesha.

Hapa yafaa tuingie katika hesabu, kwani jambo hili la kupanda mlima lina siri ambayo hesabu huifichua vizuri kuliko maneno. Tuchukue mtu mwenye uzito wa kilo 65, baiskeli ya chuma ya kilo 20, na mzigo wa kilo 15, jumla kilo 100. Mtu mwenye afya, aliyekula akashiba, aweza kutoa nguvu ya wati 100 hivi kwa muda mrefu bila ya kuzimia. Nguvu hiyo, ukiacha msuguano wa tairi na upepo, hutosha kuuinua uzito ule mita 6 kwenda juu kwa kila dakika, wala haizidi. Tuseme kilima chetu kina mita 50 kutoka barabara ya chini hata kileleni. Kwa njia ya mkato, yenye kupanda mita 10 kwa kila mita 100, mtu huyu atasafiri mita 500, na atatumia dakika 8 na ushei. Kwa njia ya mzunguko, yenye kupanda mita 5 kwa kila mita 100, atasafiri mita 1,000, yaani mara mbili ya ile ya kwanza, na muda wake utakuwa ni zile zile dakika 8 na ushei. Njia ndefu haikumgharimu kitu. Mlima hauhesabu urefu wa barabara. Huhesabu kimo tu, na kimo ni kile kile.

Lakini tofauti kubwa ipo, nayo ndiyo roho ya usalama. Katika njia ya mkato mtu huyu huenda kilomita 3.6 kwa saa, mwendo wa chini kuliko wa mtembea kwa miguu, na baiskeli iendayo polepole namna hiyo haiwezi kusimama wima kwa utulivu. Huyumba kushoto na kulia, na anayeiendesha hulazimika kupinda usukani huku na huku ili asianguke. Katika njia ya mzunguko huenda kilomita 7 kwa saa, na kwa mwendo huo gurudumu hushika mstari wake. Yule ayumbaye akiwa na basi dogo nyuma yake, bodaboda ubavuni, na mtaro ulio wazi upande wa pili, amewekwa katika hatari ambayo ustadi wake wote wa tambarare haumwokoi. Watu wa Kanda ya Ziwa wamekuwa mashujaa wa mashindano ya baiskeli kwa miaka mingi, wake kwa waume, na hakuna awezaye kuwatuhumu udhaifu wa miguu. Upungufu ni wa njia, na wengi wa wanaokokota baiskeli zao kuelekea Bugando wanakokota kwa sababu wamepanda kwa barabara ya magari, iliyokatwa kwa kipimo cha injini.

Kushuka ni mashaka mengine, na kwa maoni yangu ni makubwa zaidi, ingawa mtu ashukaye huonekana mwenye raha. Baiskeli ya tambarare huishi maisha yake bila ya kuzitaabisha breki. Breki zake ni fito za vyuma zinazovuta vipande vya mpira vibane rimu. Mpira huo huisha, mwenye baiskeli haoni haja ya kununua mwingine, na akitaka kusimama huburuza soli ya kiatu chini au huikandamiza juu ya tairi. Mvua ikinyesha rimu hulowa, na hata breki nzima hushika kwa kuchelewa. Mtu akiachia baiskeli ya namna hiyo ishuke kimo cha mita 10 tu, ukiondoa upepo na msuguano, atakuwa amefikia mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo uliowekwa na sheria ya usalama barabarani kwa magari yapitayo penye makazi ya watu. Kimo cha mita 10 ni nyumba ya ghorofa tatu. Bugando ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo atafutaye njia salama ya kwenda kilimani na azitafute njia mbili, ya kupandia na ya kushukia, wala asidhani kwamba ni lazima ziwe moja. Na kabla ya yote mawili aende kwa fundi akatiwe mipira mipya ya breki, kwani hakuna njia, hata ingechorwa na malaika, iliyo salama kwa baiskeli isiyosimama.

Sasa, njia hizo huulizwa kwa nani? Nilijifunza kwamba swali hilo lina adabu yake. Ukimwuliza mwenye duka atakuonyesha barabara ya lami, kwa kuwa ndiyo aijuayo mwenye kupokea mizigo kwa gari. Ukimwuliza kijana wa bodaboda atakuonyesha mkato, kwa kuwa yeye ana petroli. Yampasa mtu amtafute anayepanda kila siku kwa nguvu za miguu yake mwenyewe akiwa na kitu kisichopaswa kumwagika, na watu hao ni wachuuzi wa maziwa. Mmoja wao, mzee mwenye baiskeli iliyofungwa madumu mawili ya bati na kengele ya zamani, nilimkuta bondeni karibu na Mto Mirongo asubuhi na mapema akipumzika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Mwangaluka. Unatoka kwetu?"

"Natoka Kahama, mzee. Namwuguza ndugu yangu kule juu. Nataka njia ya baiskeli."

Hakunijibu mara moja. Alizitazama tairi zangu, akaibana breki yangu ya mbele kwa mkono wake, akasema, "Ya kupandia nitakuonyesha leo. Ya kushukia nitakuonyesha ukishapata breki."

Njia aliyonionyesha haikuwa na jina. Iliacha barabara kuu mapema, mahali ambapo mgeni angeona ni kinyume na anakokwenda, ikafuata bonde kwa kitambo kirefu pasipo kupanda hata kidogo, ikapita nyuma ya nyumba ambako wanawake walikuwa wakifagia nyua, ikaanza kupanda kwa mshazari, kilima kikiwa daima mkono mmoja na paa za nyumba za chini mkono wa pili, ikageuka penye jabali kubwa lisiloweza kubomolewa, ikarudi nyuma kama iliyosahau kitu, kisha ikageuka tena. Katika kila geuko palikuwa na sehemu ndogo ya usawa, na yule mzee alisimama katika kila moja, si kwa kuchoka, bali kwa kuwasalimu watu wa mahali hapo, ambao kwa sababu hiyo walimjua, wakawazuia watoto wao wasikimbie mbele ya gurudumu lake, wakamwonya palipomwagwa maji ya kufulia. Alinifahamisha kwamba baada ya mvua njia hiyo haipitiki kwa saa nzima, kwani maji ya mlimani huiteka na kuifanya mfereji, na kwamba saa za wanafunzi kwenda shule ni bora kuwapisha. Usalama wa njia ile ulikuwa katika mwinuko wake wa pole, na ulikuwa vile vile katika salamu zile. Mtu angeweza kuichora ramani yake yote na bado akaikosa nusu ya pili.

Tangu hapo nimezoea kulitazama kila pindo la njia ya mguu kwa heshima. Mji wa Mwanza umejaa vilima vya majabali, na watu wake wengi wanaishi juu ya vilima hivyo, Isamilo, Bugando, Nyakabungo na kwingineko, katika mitaa ambayo nyumba zilitangulia na barabara zikafuata, pengine zisifuate kabisa. Katika baadhi ya mitaa hiyo jiji limetandaza barabara za mawe yaliyochongwa, kazi iliyofanywa kwa mikono na kuwapa vijana ajira, na barabara hizo zina sifa njema ya kuuvumilia mmomonyoko ulioishinda changarawe. Kwa mwendesha baiskeli zina ila mbili: hutikisa mzigo, nazo huteleza zikilowa. Lakini nayatetea mawe hayo, kwa kuwa ubaya wake hujulikana na huonekana, ilhali ubaya wa lami yenye mteremko mkali ni kwamba huwaita wenye magari waende mbio.

Shida hii si ya Mwanza peke yake. Katika mji wa San Francisco huko Marekani, wenye vilima vikali kushinda vyetu, waendesha baiskeli waligundua njia ya kukatakata mitaa kwa pembe, wakipinda kushoto na kulia kila baada ya hatua chache, ambayo huwavusha upande wa pili wa mji bila ya kupanda mlima wowote mkubwa; njia hiyo wakaiita The Wiggle, nayo hufuata bonde la kijito cha kale kilichofunikwa na majengo. Mji ule uliikubali, ukaiwekea alama, ukapaka rangi barabarani kwa ajili ya wapitao. Huko Trondheim, nchini Norway, mtu mmoja aitwaye Jarle Wanvik alibuni mtambo uliofunguliwa mwaka 1993, ambao humsukuma mwendesha baiskeli kwa kumtegemeza mguu mmoja, akapandishwa mita 130 za mteremko mkali. Navutiwa na werevu wa mtambo huo, lakini moyo wangu uko zaidi kwa watu wa San Francisco, kwa kuwa wao hawakununua kitu: walitazama maji yalipokuwa yakipita zamani, wakapita hapo. Mzee wa maziwa pale Mirongo alikuwa amefanya hivyo hivyo bila ya kuambiwa na mtu, na tofauti yake na wenziwe wa ng'ambo ni kwamba mji wake haujaipaka rangi njia yake.

Na ndilo jambo ninalotaka kulisema waziwazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani wale wasiokuwa na bati la kuwakinga. Mtu anapokufa namna hiyo husemwa kwamba alizembea, kwamba aliingia barabarani ghafla, kwamba baiskeli haikuwa na taa, na pengine ni kweli. Lakini mji unaoweka hospitali yake kuu juu ya kilima, kisha ukatengeneza barabara moja tu ya kuipandia kwa kipimo cha injini, umekwisha kuamua nani apande kwa salama na nani apande kwa kudra. Mtu mwenye mwendo wa kilomita 7 kwa saa ana haki ya kuwa na mwendo huo. Haombi fadhila, wala hamcheleweshi mtu kwa kiburi. Uzito wake na wati zake 100 haviruhusu zaidi, na amri ya kwenda juu hakuitoa yeye, umeitoa ugonjwa.

Yanayotakiwa si makubwa. Njia za mshazari zilizopo tayari zingetambuliwa na kuwekewa alama ndogo, hata ya rangi juu ya jabali, ili mgeni wa Kahama asihitaji bahati ya kukutana na mchuuzi wa maziwa. Mitaro iliyo wazi katika mageuko ingefunikwa kwa mabamba ya zege, na maji ya mvua yangepewa njia yao wenyewe. Penye ngazi, kwa kuwa kuna mahali ambapo hakuna hila ila ngazi, ungejengwa ubavuni mwake mchirizi mwembamba wa saruji ambamo gurudumu lingepita huku mwenyewe akipanda vidato. Huo ni upana wa kiganja, na gharama yake ni mifuko michache. Chini ya kilima pangekuwa na banda la kulaza baiskeli chini ya mlinzi kwa ada ndogo, kwa ajili ya wazee na wajawazito na yeyote ambaye siku hiyo hana nguvu, na kutoka hapo bajaji ingemfikisha juu kwa nauli ya sehemu fupi. Na katika barabara kuu yenyewe, upande wa kupanda peke yake, ungetengwa ukanda wa mita moja na nusu. Nasema upande wa kupanda peke yake kwa sababu anayeshuka huenda kwa mwendo unaokaribia wa magari, na nafasi ikiwa finyu, kama ilivyo Mwanza, na apewe kwanza yule ayumbaye.

Kuna watakaosema kwamba baiskeli ni chombo cha jana, na kwamba kijana wa leo wa Buzwagi anataka pikipiki. Sina ugomvi na pikipiki. Lakini nimekaa langoni pale Bugando nikahesabu kwa macho yangu, na sikuona kwamba jana imekwisha. Niliwaona akina mama waliopanda na ndoo, niliwaona wanafunzi wa uuguzi, niliwaona wanaume wa makamo wa Geita ambao mgodi umezizunguka ardhi zao, na fedha yao ikaishia katika vipimo vya hospitali. Dhahabu imetoka katika ardhi yetu kwa miaka mingi ikipita kwa ndege na kwa msafara wa magari yenye walinzi, katika barabara zilizotengenezwa kwa ajili yake. Mtu aliyezaliwa juu ya ardhi hiyo, akimpelekea nduguye uji, anastahili walau ukanda wa mita moja na nusu.

Geita ilifanywa kuwa mkoa mwaka 2012, na tangu wakati huo mji wake umekuwa ukienea kwa haraka katika nchi ya vilima. Kwa mwenye kujali jambo hili hiyo ni habari njema kuliko ya Mwanza, kwa kuwa Mwanza yapasa kurekebishwa nyumba zikiwa zimekwisha kusimama, ilhali Geita ziko sehemu ambazo bado zinapimwa, na mzunguko wa mshazari kuzunguka kilima waweza kutengwa leo kwa kalamu, bila ya kumvunjia mtu ukuta wake. Kwa Buzwagi kadhalika, ambako viwanja vya eneo jipya la uchumi vinagawanywa juu ya ardhi tambarare ya mgodi wa zamani, ile njia ya pili ya kando ya lami ingeweza kuingizwa katika ramani kama ilivyo, pamoja na mapindo yake. Ombi langu kwa wapimaji ni dogo: wasianze kazi saa 3 za asubuhi, wakati njia zimekwisha kuwa tupu. Waende saa 12, wakati wachuuzi wa maziwa wanapanda na wanawake wanashuka na madumu, wawafuate kwa miguu mpaka juu, na kila mahali watakapowaona watu hao wakiacha njia iliyonyooka na kupinda, waulize kwa nini kabla ya kupigilia kigingi.